Lori na Mzigo Wake, Sehemu ya 2: Tela Huchaguliwa na Mzigo wa Kurudi

Kila meli iingiayo Bandari ya Dar es Salaam hupita mbele ya Feri. Mlango wa bahari kati ya Magogoni na Kigamboni ni mwembamba, kiasi kwamba aliyesimama soko la samaki huona wazi makontena yaliyopangwa juu ya sitaha. Ni rahisi kudhani kwamba soko la malori husomwa pale: meli zikifuatana, mizigo ipo, nunua gari. Lakini meli inayoingia humwonesha mtu mzigo wa kwenda tu, na mzigo wa kwenda umewafilisi wengi.

Wiki iliyopita tuliangalia kwa nini bei ya kupeleka tani moja Lubumbashi hupanda na kushuka. Leo tuingie kwenye swali la wale wafanyabiashara wa Kariakoo waliokusanya faida ya vitenge au vipuri na sasa wanataka kuweka gari barabarani. Wengi huuliza aina ya kichwa cha lori: Scania iliyotumika Ulaya, au Howo mpya ya China? Mimi ningeanza na tela.

Chukua safari ya Kolwezi. Lori linapanda Kitonga, linavuka Tunduma, linapita Kapiri Mposhi na Ndola, kisha linaingia Kongo kwa Kasumbalesa. Kwenda limebeba salfa ya migodini, mbolea, mashine au bidhaa za dukani. Kurudi kuna shaba na kobalti. Likirudi tupu, dizeli itapungua, lakini tozo za barabara, posho ya dereva na siku za foleni mpakani bado zipo. Kwa hiyo bei nzuri ya kwenda inaweza kuwa hasara ukiigawa kwa kilomita zote za mzunguko. Mabamba ya shaba yanahitaji sakafu imara ya kufungia mzigo. Tela la mifupa, lile la makontena tu, halina sakafu hiyo. Flatibedi, yaani tela la sakafu bapa, yenye kufuli za kontena inabeba kontena ikienda na shaba ikirudi. Ni nzito kuliko tela la mifupa, na bado ndiyo ningeinunua.

Tela la tangi ni habari nyingine. Bomba la TAZAMA, lililokamilika mwaka 1968 kati ya Dar es Salaam na Ndola, lilisukuma mafuta ghafi kwa miongo mingi, huku dizeli nyingi iliyosafishwa ikipelekwa Zambia kwa malori. Mwaka 2023 bomba hilo likabadilishwa lisukume dizeli iliyosafishwa. Aliyekuwa amenunua matangi mwaka mmoja kabla, akitegemea dizeli ya Zambia, alijikuta na chombo kisichoweza kubeba salfa, saruji wala shaba. Kongo bado inapokea mafuta kwa barabara, na petroli ya Zambia pia, lakini waliokimbilia huko ni wengi, na bei inajua hilo.

Lori kunyang’anywa mzigo si jambo geni mjini hapa. Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa walowezi Novemba 1965, Zambia ilikatiwa mafuta yaliyopita njia ya kusini, na mafuta yake yakaanza kupita Dar es Salaam kwa mapipa juu ya malori, kwenye barabara ya vumbi na matope. Mwaka uliofuata serikali za Tanzania na Zambia pamoja na mbia wa Kiitaliano ziliunda Zambia-Tanzania Road Services, kampuni iliyoleta malori ya Fiat. Mapipa yalikwenda, shaba ikarudi: mzunguko uliokamilika, kitu ambacho kila mwenye lori angeomba. Mwaka 1968 bomba likachukua mafuta. Mwaka 1976 reli ya TAZARA ikakabidhiwa rasmi, ikachukua shaba. Ndani ya miaka kumi barabara ilipoteza mzigo wa pande zote mbili. Baadaye reli ikadhoofika, injini zikapungua, na shaba ikarudi juu ya magurudumu.

Mizani nayo ina neno lake. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika Tanzania mwaka 2019, inaruhusu tani 8 kwa ekseli ya mbele, tani 18 kwa ekseli pacha za nyuma za kichwa na tani 24 kwa ekseli tatu za tela. Jumla ni 50. Kichwa na tela vikiwa na uzito wa tani 18 vikiwa tupu, zimebaki 32 za kulipwa. Kichwa chenye ekseli moja tu nyuma huruhusiwa tani 10 pale, kwa hiyo jumla inashuka hadi 42. Ni rahisi kukinunua na hakili dizeli sana, lakini kwa salfa na shaba, mizigo mizito isiyochukua nafasi, kinakuibia kila safari. “Pulling”, lori lenye tela la kuvuta, hufika tani 56 likiwa na ekseli saba, ila sehemu ya nyongeza huliwa na chuma chake. Kila kilo ya chuma kwenye tela ni kilo isiyolipiwa. Muulize muuzaji uzito wa tela tupu kabla ya kuuliza bei. Atashangaa kidogo, kwani wengi hawaulizi.

Sasa kuna reli tena. Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Bandari Kavu ya Kwala mkoani Pwani pamoja na usafirishaji wa mizigo kwa reli ya kisasa, SGR. Septemba 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia saini makubaliano ya awali ya kufufua TAZARA. Upande wa magharibi, reli ya Lobito nchini Angola inaitaka shaba ileile ya Kolwezi. Sidhani malori yatakufa. Reli haifiki kwenye lango la kila mgodi, na mgodi hausubiri behewa. Ila lori linalonunuliwa leo litafanya kazi miaka kumi au zaidi, na mkopo wake ni wa mitatu au minne. Anayekopa apige hesabu kwa bei ya mwezi mbaya, mwezi ambao mpaka umefungwa, kama Zambia ilivyofunga mipaka yake na Kongo Agosti 2024.

Kuhusu kichwa, nitasema machache. Scania ya Ulaya iliyotumika ni ngumu, na vipuri vyake, vipya na vya kuchomoa, vinapatikana Gerezani na mitaa ya jirani hata Jumapili. Howo mpya inakuja na mkopo na dhamana, ila rejesho lake halijali kama gari limekwama Kasumbalesa. Mwenye fedha taslimu na fundi wa kuaminika achukue la kwanza. Mwenye mkataba wa mzigo wa mwaka mzima, ulioandikwa na kutiwa saini, anaweza kulimudu la pili. Asiye na fundi wala mkataba asubiri makala ya wiki ijayo, itakayohusu kukodisha tela badala ya kununua.