Virusi Vikitoka, Kazi Bado

Mwezi jana tuliondoa virusi katika kompyuta ya nyumbani, ambamo mama huweka hesabu za chama. Siku ya tatu vikarudi! Kumbe vilijificha kwenye flashi yangu, ile ninayokwenda nayo saiba. Niligombezwa, bila shaka. Basi flashi zote zikaguliwe kabla ya kufunguliwa. Halafu badilisheni nywila, lakini kwa mashine nyingine iliyo safi, kwa maana huenda virusi vilizisoma mlipozichapa. Ya barua pepe itangulie. Ndiyo hufungua akaunti nyinginezo. Windows nayo isasishwe. Ile ya 10, usaidizi wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mama sasa ananakili hesabu zake kwenye flashi yake mwenyewe, na mimi siruhusiwi hata kuigusa.