Wageni wa Pangoni: Safari ya Nang'oma na Wajibu wa Kijiji

Milima ya Matumbi, katika Wilaya ya Kilwa, haina fukwe wala magofu ya misikiti ya kale kama yale ya Kisiwani na Songo Mnara. Ina mawe ya chokaa, ina michungwa, na ina mapango. Kwa sababu hiyo mgeni anayepanda hadi Kipatimu ni wa namna yake. Mara nyingi ni wawili, mke na mume au wachumba, kila mmoja na begi kubwa mgongoni. Wameshuka katika basi la kusini pale Njia Nne, wamekubaliana bei na kijana wa bodaboda (bei ambayo, isemwe kweli, haikuwa ile anayotozwa mwenyeji), na wamefika wakiwa na vumbi hadi kwenye kope. Hawakuletwa na kampuni, wala hakuna gari linalowasubiri. Fedha watakayoacha si nyingi, lakini karibu yote hubaki kwa wenyeji: kwa mwenye pikipiki, kwa mama ntilie, kwa mwenye chumba cha kulala, na kwa mwongozaji atakayewaingiza pangoni.

Wanachokifuata ni Nang'oma na mapango mengine ya jirani. Wapimaji kutoka Ulaya wamekwisha kuchora ramani za baadhi ya mapango hayo, na pango la Nandembo lina njia za chini ya ardhi zenye urefu wa kilomita kadhaa. Mapango haya yamechimbwa na maji. Mvua inaponyesha huchukua hewa ya ukaa angani na katika udongo wenye majani yaliyooza, ikawa tindikali hafifu, hafifu kuliko maji ya ndimu. Tindikali hiyo huyeyusha jiwe la chokaa kidogo kidogo kwa maelfu ya miaka, kwanza katika nyufa, kisha nyufa hupanuka zikawa njia, na njia zikawa kumbi. Maji hayo hayo yanapodondoka kutoka darini huacha chembe za chokaa, na hizo ndizo zinazojenga nguzo za mawe zinazoning'inia juu na zile zinazoota kutoka chini. Mkono wa mtu ukiigusa nguzo changa huacha mafuta ya ngozi juu yake, na chokaa haishiki tena vizuri mahali pale. Ndiyo maana mwongozaji mwema humkataza mgeni kugusa, hata kama ni kwa ajili ya picha.

Jambo hili la maji linamhusu mkazi kuliko mgeni. Katika ardhi ya mchanga, maji ya mvua huchujwa polepole kabla ya kufika kisimani. Katika ardhi ya chokaa hayachujwi. Hupita katika mashimo na kutokea kwenye chemchemi yakiwa na kila yalichobeba. Mzoga wa mbuzi uliotupwa katika shimo la juu ya kilima, mafuta machafu ya mashine, chupa za dawa ya mikorosho, vyote vinaweza kurudi katika ndoo ya jirani. Kutoza wageni ada ya kuona pango huku kitongoji kikiligeuza jalala ni kujidanganya, na hasara yake haiishii kwenye utalii.

Pango pia ni kumbukumbu. Mwezi wa Julai 1905, huko Nandete, Wamatumbi waling'oa mimea ya pamba waliyolazimishwa kuilima, na hapo vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye maji yake yaliwaunganisha watu wa makabila mengi, alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huo huo. Vita havikufa pamoja naye. Majeshi ya Kijerumani yalipochoma vijiji na maghala ya chakula, familia zilikimbilia mapangoni, na wazee wa Kipatimu husimulia jinsi Nang'oma ilivyowaficha akina mama, watoto na wagonjwa. Mgeni aliyesafiri kutoka mbali ili kuona popo na mawe hunyamaza anaposikia habari hii akiwa amesimama gizani humo. Hakuna kitabu cha mwongozo kinachoisimulia kama mwenyeji anavyoisimulia, na hilo ndilo hasa analolipia.

Malipo yenyewe yana utaratibu. Mgeni hupelekwa kwanza katika ofisi ya kijiji, si moja kwa moja pangoni. Afisa Mtendaji wa Kijiji huandika jina lake, anakotoka, jina la mwongozaji, saa ya kuingia na saa inayotarajiwa ya kutoka. Ada yoyote inayotozwa na kijiji au halmashauri lazima itokane na sheria ndogo. Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, sheria ndogo ya kijiji hujadiliwa na wananchi na kupata idhini ya halmashauri ya wilaya kabla ya kutumika. Ada hulipwa kwa kumbukumbu namba au kupitia mashine ya kukusanyia mapato, na mlipaji hupewa stakabadhi. Anayepokea noti mkononi bila stakabadhi hakusanyi mapato ya kijiji, hata kama ni mtu anayeheshimika.

Fedha hizo huonekana wapi? Katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao hupaswa kuitishwa angalau mara moja kila miezi mitatu, na ambao kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe wake. Hapo taarifa ya mapato na matumizi husomwa. Mkazi ana haki ya kuuliza wageni wangapi waliandikwa katika kitabu na stakabadhi ngapi zilitolewa, kisha akalinganisha hesabu hizo mbili. Swali hili huulizwa kwa nadra, pengine kwa kuona haya kumhoji jirani mbele ya watu. Hata hivyo, ndilo linaloamua kama pango litajenga choo cha shule au halitajenga kitu.

Kazi ya kuongoza watalii iko chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, nayo ni kazi ya Mtanzania mwenye leseni. Kijana anayelijua pango tangu utotoni ana sehemu kubwa ya ujuzi unaotakiwa, lakini si wote. Kujua njia hakutoshi pale taa inapozimika. Utaratibu unaofuatwa na wapenda mapango duniani kote ni kila mtu kuwa na tochi tatu, ya kichwani na mbili za akiba, pamoja na betri za ziada, kofia ngumu, viatu vya kufunga, na kundi lisilopungua watu wanne, ili mmoja akiumia, mwingine abaki naye na wawili wakaite msaada. Kwa wanandoa wawili hesabu hiyo ina maana ya waongozaji wawili. Mgeni mwenye fedha kidogo atalalamika. Aelezwe kwa upole, na asipokubali, safari isifanyike. Simu isihesabiwe kuwa tochi, na ndani ya jiwe hakuna mtandao.

Popo wanahitaji maneno ya ziada. Ni viumbe wenye faida: wengine hula wadudu waharibifu, wengine huchavusha maua ya mibuyu na kusambaza mbegu za miti ya msituni. Lakini popo walao matunda wanaoishi mapangoni hubeba virusi vya Marburg. Mwaka 2008 mtalii mmoja kutoka Uholanzi alifariki baada ya kuingia pango lenye popo hao nchini Uganda. Hapa nchini, ugonjwa huo ulizuka mkoani Kagera mwaka 2023 na tena mwaka 2025, ukaua watu. Aidha, vumbi la kinyesi cha popo laweza kuwa na kuvu wanaoshambulia mapafu. Hii si sababu ya kuwachoma moto au kuwaziba pangoni. Popo waliosumbuliwa hutawanyika hadi kwenye miti ya nyumbani na kuleta hatari karibu zaidi. Inatosha kutowashika, kuvaa barakoa na glavu, kutokula wala kunywa ndani, kunawa kwa sabuni baada ya kutoka, na kuziepuka kumbi wanamolala kwa wingi. Yeyote anayepata homa kali ndani ya majuma matatu baada ya kuingia pangoni aende kituo cha afya na amwambie mganga alikokuwa. Kauli hiyo moja hubadilisha uchunguzi wote. Namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bila malipo.

Hatari ya pili ni mvua, na yenyewe huua haraka zaidi. Maji yanayonyesha juu ya kilima hushuka pangoni kwa ghafla, hata kama mlangoni jua linawaka. Huko Thailand, mwezi Juni 2018, vijana 12 na kocha wao walizingirwa na mafuriko katika pango la Tham Luang; wa mwisho alitolewa tarehe 10 Julai, na mzamiaji mmoja alipoteza maisha katika uokoaji. Nchi ile ilikuwa na wazamiaji na mitambo. Kwa hiyo wakati wa masika mapango yenye mikondo ya maji hayaingiwi, na katika miezi mingine mwongozaji hutazama mawingu ya upande wa mlimani kabla ya kuwasha tochi.

Yapo pia maeneo ya pango ambamo wazee hufanya matambiko. Mgeni haingii humo bila ruhusa yao, wala hapigi picha. Vigae, mifupa au zana za kale zikionekana, huachwa mahali zilipo: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimbua bila kibali na kuzitoa nchini.

Saa ya kutoka iliyoandikwa kitabuni ikipita na kundi halijaonekana, Afisa Mtendaji hutuma mtu mlangoni mwa pango, na taarifa hupelekwa polisi kwa namba 112 na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114. Wakazi wanaojitolea kutafuta wasiingie ovyo mmoja mmoja. Wangoje mlangoni wakiwa na kamba, taa, maji ya kunywa na machela, hadi afike mtu anayeifahamu njia, kisha majina ya wanaoingia nayo yaandikwe.