Vita vya Aruwimi, 1877

Mtu akitoka Yangambi kwa mtumbwi na kufuata mkondo, atapita Isangi, kisha atafika Basoko. Hapo mto Aruwimi huingia katika mto Kongo. Tarehe 1 Februari 1877 Stanley alipita hapo, akishuka kutoka Nyangwe na watu wake, wengi wao wenyeji wa Unguja.

Stanley mwenyewe aliandika habari za siku ile. Alisikia ngoma, akaona mitumbwi 54 ikitoka Aruwimi. Mmoja ulikuwa mkubwa ajabu, wenye wapiga makasia 80, na mbele vijana wamesimama wamevaa manyoya. Akadhani wanakuja kumwua. Akatia nanga, akapanga mitumbwi yake safu moja, bunduki zikalia. Wenyeji wakakimbia, naye akawafuata hata kijijini. Watu wake wakachukua pembe nyingi za ndovu.

Habari ya pili ilichelewa kuandikwa. Miaka mingi baadaye chifu Mojimba alimsimulia mmisionari, padre Joseph Fraessle. Walisikia kwamba mtu mweupe anashuka mtoni. Wakaona ajabu, wakasema ni ndugu yao aliyezama zamani, sasa amefufuka. Mojimba akaamuru karamu. Wakavaa mapambo, wakapiga ngoma, wakaenda kumpokea kwa nyimbo. Wakajibiwa kwa risasi. Kijiji kikachomwa, na jioni watu wakawalilia wafu wao.

Yupi alisema kweli? Stanley alikwisha kupigwa mishale mara nyingi katika safari ile. Hofu yake ilikuwa na sababu. Lakini ngoma ya mti husema kwa sauti mbili, ya juu na ya chini, ikifuata lugha ya wenyewe. Mgeni asiyeijua husikia kishindo tu, wala hajui kama anaitwa karamuni au vitani. Na Stanley hakungoja kuuliza.

Kisha wateka watumwa kutoka Manyema nao wakashuka mto. Novemba 1883 Stanley alirudi kwa meli za moshi, akakuta vijiji vingi vimechomwa, na kambi yenye mateka kama 2,300 kwa hesabu yake.

Mtoto mmoja wa Basoko, Baruti, alitekwa hivyo, akafikishwa hata Uingereza. Mwaka 1887 alikuja pamoja na Stanley. Mbele ya Basoko akawaita wenyeji kwa lugha yao, na katika mtumbwi mmoja akamtambua ndugu yake. Ndugu hakusadiki, mpaka Baruti alipomtajia kovu la mamba lililo mkononi mwake. Baadaye, usiku mmoja, Baruti alitwaa bunduki ya Stanley, akaingia mtumbwini, akarudi kwao.