Wimbo wa Mwaka Huhesabiwaje?

Kila Desemba mji wa Mtwapa, pwani ya Kenya, hujaa wageni kutoka bara, na simu nazo hujaa orodha. Spotify, iliyofika Kenya Februari 2021, humtumia msikilizaji nyimbo alizozicheza zaidi mwaka huo, naye huwaonyesha wenzake kana kwamba amepewa cheti. Sisi wa takwimu huitazama orodha hiyo kwa jicho la pembeni. Inasema kweli kuhusu mara ulizoucheza wimbo. Kuhusu ulivyoupenda, haijui kitu.

Spotify huuhesabu wimbo ukishachezwa sekunde 30. Kama mtoto ndiye aliyeishika simu, au usingizi ulikuchukua spika ikaendelea, yote ni sawa kwake. Halafu kuna nyimbo ambazo simu haizisikii kabisa. Mkaazi wa Mtwapa hupata muziki mwingi asiouchagua: wa matatu za Malindi, wa klabu zinazokesha kando ya barabara kuu, wa mangweni kunakonywewa mnazi, wa matangani ambako ngoma ya mwanzele hukesha na waombolezaji. Huenda wimbo uliokuingia moyoni mwaka huu uliusikia mara mbili tu, tena matangani, simu ikiwa mfukoni imezimwa.

Tarehe nazo zina ukorofi wao. Hesabu hizi hufungwa kabla mwaka haujaisha, ili orodha iwahi kutoka. Sasa, Diamond Platnumz na Koffi Olomide walitoa "Waah!" tarehe 30 Novemba 2020. Ni wimbo wa mwaka upi huo? "Jerusalema" ya Master KG na Nomcebo Zikode ilitoka mwishoni mwa Novemba 2019, ikaja kuchezwa duniani kote 2020. Mimi huuweka wimbo katika mwaka nilioanza kuusikiliza. Wenye kushika kalenda hununa, na wanune.

Ukipanga orodha yako mwenyewe, usizipe nyimbo alama kati ya kumi; saba uliyoitoa Januari na saba ya Desemba hazikupimwa kwa mzani mmoja. Zishindanishe mbili mbili: ukiambiwa ubaki na mmoja, utauacha upi? Nyimbo 10 zina jozi 45, kazi ya jioni moja. Nyimbo 20 zina jozi 190, na kabla hujafika katikati utakuwa unajibu ovyo, basi chuja kwanza.

Wakikutana marafiki, ndipo hesabu inapokolea. Tuseme watu watano wanapanga nyimbo tatu: ya bongo fleva, ya taarabu na ya mwanzele. Watatu wanaanza na bongo fleva, kisha taarabu, kisha mwanzele. Wawili wanaanza na taarabu, kisha mwanzele, bongo fleva mkiani. Ukitazama nafasi ya kwanza pekee, bongo fleva imeshinda kwa watu watatu dhidi ya wawili. Ukitoa alama 2, 1 na 0, taarabu inapata 7, bongo fleva 6, mwanzele 2. Kura ni zile zile, mshindi amebadilika.

Njia ya alama aliipendekeza Mfaransa Jean-Charles de Borda mwaka 1770. Huupa nafasi wimbo ambao hakuna anayeukasirikia, kwa hiyo inafaa kwa harusi, pale mashangazi na vijana wanapokaa hema moja. Kwa orodha ya kubishania barazani ni baridi mno. Hapo hesabuni nafasi ya kwanza tu, bora kila mtu ajue kanuni kabla ya kupiga kura.

Mfaransa mwenzake Borda, Condorcet, alionyesha mwaka 1785 kwamba hata kushindanisha mbili mbili kunaweza kukwama kundini: walio wengi wakapenda bongo fleva kuliko taarabu, taarabu kuliko mwanzele, na bado mwanzele kuliko bongo fleva. Hata kila mmoja akiwa na msimamo, kundi zima huzunguka. Yakiwafika hayo, zipeni nyimbo zote tatu nafasi moja, mwendelee na ya nne.