Ng'ombe Aliyekosa Usingizi na Panya Waliomsemea

Haya, wajukuu zangu wa Mwanjelwa, sogeeni. Nyinyi mnaolala karibu na barabara kuu mnajua usiku wa huku ulivyo: malori ya kwenda Tunduma hayakomi, bajaji hazikomi, na mbwa wa sokoni wanabweka mpaka adhana ya alfajiri. Leo sungura na fisi wapumzike. Nawahadithia ng'ombe aliyekosa usingizi, na panya waliomsemea.

Ng'ombe wetu tumwite Tabasamu. Nimemtunga mwenyewe, lakini wa namna yake wamejaa Uyole na Tukuyu: ng'ombe wa maziwa, anafugiwa bandani, analetewa majani. Ni mwezi wa Machi, mvua ya Mbeya imeshika, na sakafu ya banda imegeuka tope. Asubuhi moja mkamuaji anashika kiwele, Tabasamu anarusha teke. Upande mmoja umevimba, umekuwa mwekundu, una joto, na maziwa yake yanatoka na mabonge. Huo ndio ugonjwa wa kiwele.

Ndani yake kunatendeka nini? Vijidudu vya topeni vimepenya kwenye tundu la chuchu. Mwili umepeleka askari wake, yaani chembe nyeupe za damu, damu ikamiminika kwa wingi, pakavimba. Huo uvimbe si adui. Ni mwili unapigana. Ila katika purukushani hiyo seli hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, na kazi yao mojawapo ni kuifanya mishipa ya fahamu iwe nyepesi kuhisi maumivu. Mguso ambao jana Tabasamu hakuujali, leo unamrusha.

Mwaka 1971 Mwingereza mmoja, John Vane, alionyesha kwamba aspirini hufanya kazi kwa kuuzuia mwili kutengeneza prostaglandini. Dunia ilikuwa imemeza aspirini zaidi ya miaka 70 bila kujua inavyofanya kazi! Mwaka 1982 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Waswidi wawili. Brufeni, diklofenaki na meloksikamu, ambayo madaktari wa mifugo wanaipenda, zote zinapita njia hiyohiyo.

Basi mtasema, mwiteni daktari wa mifugo, achome sindano, hadithi iishe. Ngojeni. Tabasamu hajalala.

Ng'ombe mzima hulala usingizi wa kweli kama saa 4 tu kwa siku. Muda mwingine anasinzia huku anacheua, hata akiwa amesimama. Lakini ule usingizi mzito, ambao misuli yote hulegea, hawezi kuupata akiwa wima, angeanguka. Lazima alale chini. Kwa kawaida ng'ombe wa maziwa hukaa amelala chini saa 12 hivi kati ya 24. Mwenye ugonjwa wa kiwele hulala chini muda mfupi zaidi, maana kukilalia kiwele kilichovimba kunauma. Ongeza tope, na Tabasamu anasimama usiku kucha. Ugonjwa unamnyima usingizi. Je, kukosa usingizi nako kunayakuza maumivu?

Swali hilo wamelijibu panya.

Najua wengine mnakunja pua. Msidharau panya. Kule Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, panya buku wanafundishwa kunusa kifua kikuu na mabomu yaliyofukiwa ardhini, na mmoja wao, Magawa, alipewa nishani ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia.

Panya wa hadithi yetu waliishi Marekani. Katika Chuo Kikuu cha Michigan, mtafiti Giancarlo Vanini alichukua panya wazima, akawaweka macho kwa saa 9. Kisha akawachoma kwenye nyayo dawa ya kuleta uvimbe. Panya waliokosa usingizi waliumia zaidi kuliko waliolala, na maumivu yao yalichukua muda mrefu zaidi kwisha. Ila wale ambao baada ya kunyimwa usingizi waliachwa walale kwanza, ndipo wakachomwa, walipona kama wenzao waliolala. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2016. Nikiyafikiria namwonea panya huruma, sifichi, lakini jibu lake ni la thamani: usingizi uliopotea ulimdhuru hata kabla uvimbe haujaingia, na usingizi uliorudi ulimwokoa.

Mwaka uliofuata wakaja watafiti wa Boston, miongoni mwao Chloé Alexandre na Clifford Woolf. Hawa nawapenda kwa jambo moja. Zamani, kumnyima panya usingizi kulikuwa kumweka juu ya kijukwaa kidogo kilichozungukwa na maji; akilegea tu, anatumbukia. Sasa panya aliyetumbukia majini anaogopa, na woga wenyewe unabadilisha maumivu; utajuaje kipi kimefanya nini? Watu wa Boston wakawapa panya wao vitu vya kuchezea. Panya akitaka kusinzia, analetewa kitu kipya, anaamka kukichunguza. Kama nyinyi na simu ya mama saa nne usiku. Wengine waliwekwa macho saa 12 kwa mkupuo, wengine saa 6 kila siku kwa siku 5.

Kisha wakapima: joto, baridi, kuminywa, na ile kemikali inayofanya pilipili iwashe. Kadiri panya alivyokosa usingizi, ndivyo alivyoumia upesi. Kelele ya ghafla ya kushtua haikuwatikisa zaidi ya kawaida, kwa hiyo hawakuwa na wenge la kila kitu. Ni maumivu tu yaliyokua.

Ndipo wakaleta dawa, na hapa fungueni masikio. Brufeni haikuwasaidia panya wale. Mofini, ambayo hospitali huitunza kabatini kwa kufuli, ilipoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Kilichowarudisha katika hali ya kawaida ni kafeini, ile iliyomo kwenye kahawa ya Mbozi na chai ya Rungwe, pamoja na dawa nyingine ya kumfanya mtu asisinzie. Vitu visivyotuliza maumivu! Na panya waliolala vizuri walipopewa kafeini, haikuwapunguzia kitu.

Msikimbilie kumnywesha ng'ombe kahawa. Panya ni panya, na kafeini iliwaondolea uchovu kwa muda tu. Haikulipa usingizi wanaoudai. Ninachokichukua mimi ni hiki: mgonjwa asiyelala anaweza kupewa dawa sahihi, kwa kipimo sahihi, na bado akaumia. Mtu akiona hivyo huongeza dawa. Hapo ndipo anapoharibu.

Maana dawa za maumivu zina hatari zake. Kidonge kimoja cha panado kinaweza kumuua paka. Brufeni humdhuru mbwa tumbo na figo. Diklofenaki iliua tumbusi wa India na Pakistan kwa mamilioni: ng'ombe alikuwa amechomwa sindano hiyo, akafa kwa ugonjwa wake, tumbusi wakala mzoga, figo zao zikashindwa kazi. Wanasayansi walilibaini hilo Pakistan mwaka 2004, na mwaka 2006 India, Pakistan na Nepal zikaizuia kwa mifugo. Mwaka 2007 wahifadhi wa ndege waliikuta inauzwa kwa ajili ya mifugo hapahapa Tanzania, nchi yenye hifadhi ya Ruaha na tumbusi wake. Meloksikamu hufanya kazi ileile bila kuwaua.

Kwa hiyo Tabasamu atibiwe hivi. Daktari amchome dawa ya vijidudu na ya maumivu, na maziwa yake yasinywewe mpaka siku alizotaja daktari ziishe. Tope lizolewe siku hiyohiyo, pamwagwe maranda au mabua makavu, paezekwe panapovuja.

Nanyi mkiwa na mnyama aliyevimba, awe mbuzi au mbwa wa ulinzi, mchungulieni usiku kabla ya kumwita daktari. Akifika, mwambieni pia mnyama huyo hajalala chini tangu lini.