Nyimbo Tunazozisoma Bila Kuzisikiliza

Mhakiki wa nyimbo katika vyuo vyetu huanza kazi yake kwa kuyahamishia maneno karatasini. Hukaa na daftari, akairudisha kanda nyuma mara kadhaa, akapata beti zake, kisha akaanza: dhamira hii, ujumbe ule, tamathali zile. Kanda ikishatoa maneno huwekwa kando kama muwa uliokwisha kutafunwa. Gita, ngoma, pumzi ya mwimbaji na vigelegele vya hadhira havionekani tena katika uhakiki wenyewe, au hupewa sentensi moja ya heshima mwishoni, chini ya kichwa cha fani.

Nasema njia hiyo inatupotosha. Haituachishi utamu tu, inatufanya tutoe hukumu zisizo za haki, na wanaoumia kwa hukumu hizo ni wasanii wa Temeke, Mburahati na Manzese, ambao kazi zao zikiwekwa karatasini huonekana matusi au kelele. Katika makala haya nitapita katika albamu na nyimbo za aina mbalimbali zilizonigusa, na kila mara nitajaribu kuonyesha ni kitu gani hasa kilichonigusa. Sisemi kuguswa kwangu ni hoja. Mtu anaweza kuguswa hata na honi ya daladala. Kuguswa ni dalili tu, na kazi ya mhakiki ni kuitafuta sababu yake ndani ya kazi ya sanaa.

Albamu ya uswahilini

Kwanza tuelewane juu ya neno "albamu". Huko Ulaya na Marekani, albamu ni kitu kilichopangwa na msanii pamoja na kampuni yake: nyimbo kumi hivi, jina, mpangilio, na picha juu ya jalada. Kwetu mambo hayakwenda hivyo. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatulia santuri. Bendi za Dar es Salaam zilirekodi nyimbo zao Radio Tanzania, yaani RTD, kanda zikabaki katika maktaba ya redio, na wananchi wakazisikia hewani. Waliotaka santuri walifunga safari ya Nairobi. Basi mpenzi wa muziki wa Tandika au Magomeni ilimbidi ajitengenezee albamu yake mwenyewe: kaseti tupu ya dakika 60 au 90, redio kaseti, na kidole tayari juu ya kitufe cha kurekodia. Upande A Sikinde, upande B Msondo, na wakati mwingine mtangazaji akisoma salamu juu ya gita.

Kwa sababu hiyo albamu kadhaa tunazoziita leo za kihistoria zilitoka nyimbo zenyewe zikiwa zimekwisha kuzeeka. DDC Mlimani Park ilianzishwa 1978, lakini diski ya nyimbo zake iitwayo Sikinde ilitolewa Marekani mwaka 1994. Msikilizaji wa hapa alikuwa ametangulia kwa miaka. Kwa maana hiyo msikilizaji wetu si mpokeaji tu, ni mhariri.

Sikinde: kilio kinachochezeka

Jina Sikinde lenyewe limetoka katika ngoma ya Wazaramo. Ndani ya bendi walikuwamo waimbaji wa uzito wa Muhiddin Maalim Gurumo, Hassan Rehani Bitchuka na Cosmas Thobias Chidumule. Ukiziandika nyimbo zao utapata hadithi: mke, mume, rafiki asiyeaminika, fedha iliyoharibu nyumba. Mhakiki atasema wimbo unaonya jamii, na atakuwa amesema kweli nusu.

Mimi kinachonishika ni pale kwenye mpito. Nyimbo nyingi za dansi la wakati ule zina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya taratibu, mwimbaji anasimulia na wenzake wanaitikia, tarumbeta zikijibu kila kituo. Kisha hadithi inakatika, mara nyingi kabla tatizo halijatatuliwa, magita yanabadili mwendo, na wimbo unachemka. Hapo ndipo watu waliokuwa wamekaa na bia zao huinuka. Hebu fikiri: mtu ameeleza jinsi alivyosalitiwa, na jibu letu ni kucheza! Karatasini mpito huo hauonekani kabisa, kwa sababu hauna maneno. Lakini ndio unaobeba maana nzito kuliko zote. Jamii inayaonywa hayo, inayaelewa, inamhurumia mlalamikaji, na bado inacheza juu ya kilio chake, maana kesho nayo ina shida zake. Mbali ya kuonya, wimbo unatuonyesha jinsi tunavyoyapokea maonyo.

Remmy na maskini wake

Remmy Ongala alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja Dar es Salaam 1978 kujiunga na Orchestra Makassy. Baadaye akaongoza Super Matimila, akaishi Sinza, na hata baada ya kifo chake mwaka 2010 kituo cha basi pale bado kinaitwa Kwa Remmy. Albamu yake Songs for the Poor Man ilitolewa na Real World ya Uingereza mwaka 1989.

Nikiisikiliza albamu hiyo napata hisia mbili zinazogombana. Ya kwanza ni furaha: kila gita linasikika peke yake, safi, kama matone ya mvua juu ya bati. Ya pili ni upweke. Remmy alikuwa mwimbaji na msemaji. Katikati ya wimbo alihutubia, alitania, aliuliza maswali kama mhubiri wa mtaani. Ukumbini maswali hayo yalipata majibu. Studio hakuna anayejibu. Unasikia sauti ya mnyonge ikizungumza ndani ya chumba kizuri kisicho na wanyonge. Hilo si kosa la albamu, ni habari inayotueleza hadhira ya kazi hiyo ilikuwa imehamia wapi. Linganisha na wimbo wake Mambo kwa Soksi, uliohimiza kondomu wakati wa ukimwi. RTD haikuupiga, lakini jiji liliujua kwa njia ya kaseti na kumbi. Wimbo mmoja ulikosa redio ukapata watu, albamu nyingine ilipata dunia ikakosa ukumbi.

Neno lililokuja na wimbo

Atakayesema kuwa maana iko katika maneno peke yake namwomba anieleze habari ya Mario. Huo ni wimbo wa Franco na TPOK Jazz wa mwaka 1985, na umeimbwa Kilingala. Wengi wetu Kilingala hatukijui. Hata hivyo Dar es Salaam ilielewa kuwa kuna kijana anayelishwa na mwanamke aliyemzidi umri, na kwamba anayesimulia amechoshwa naye. Ilielewa vizuri kiasi kwamba Kiswahili cha mitaani kikapata neno jipya: mwanamume wa namna hiyo anaitwa marioo mpaka leo.

Jamani, hili si jambo dogo. Ninavyosikia mimi, kazi ilifanywa na sauti. Franco haimbi kama anayebembeleza. Anazungumza, anasuta, anarudia jina lile lile kama mjumbe wa nyumba kumi aliyechoka na kesi moja. Masimulizi ya waliojua lugha yalimalizia yaliyobaki. Katika daftari la mhakiki asiyejua Kilingala wimbo huu ungekuwa ukurasa mtupu, lakini mtaani umeongeza msamiati.

Taarab: maana iliyoko kwenye kiti

Taarab ndiyo inayoonewa zaidi. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, na Shaaban Robert akamwandikia kitabu, Wasifu wa Siti binti Saad. Kitabu tunakisoma, santuri ni wachache waliozisikia. Tukifika kwenye mipasho ya miaka ya 1990, wakati Khadija Kopa wa Tanzania One Theatre na Nasma Khamis wa Muungano walipokuwa wakishindana na kaseti zao zikilia kila saluni, uhakiki hukunja uso: lugha chafu, hakuna ujumbe.

Nami nauliza, mmewahi kumtazama mwanamke akienda kutunza? Mwimbaji anatoa mstari usiotaja jina la mtu. Anaweza kuwa anamsema yeyote. Mwanamke mmoja anainuka kitini, anacheza polepole hadi mbele huku noti imeinuliwa juu, na njiani anageuza uso upande fulani. Basi, mstari umepata mwenyewe. Ukumbi mzima umeelewa, na aliyesemwa hana ushahidi wa kupeleka popote, kwa kuwa hakutajwa. Fumbo la taarab halikamiliki ubetini, linakamilika pale msikilizaji anapoinuka. Nikiisikiliza kaseti ya mipasho nyumbani najikuta nasubiri zile sekunde ambazo kinanda kinazungushwa bila maneno, maana hiyo ndiyo nafasi iliyoachwa wazi ili mtu atembee kutoka kitini hadi jukwaani. Ni ufundi wa utungaji, bwana. Mtunzi ameacha mlango wazi makusudi.

Kizazi cha mwaka 2000

Kwa upande wa Bongo Fleva, kazi ninayoirudia ni Machozi, Jasho na Damu ya Profesa Jay, ya mwaka 2001. Humo umo wimbo Ndio Mzee, unaomwigiza mgombea anayemwaga ahadi mbele ya umati. Ukiuandika, kiitikio kitakuwa maneno mawili yaliyorudiwa mpaka unachoka kuyanakili. Ukiusikiliza utaona ahadi zinapaa hatua kwa hatua lakini sauti ya umati haibadiliki. Ile sauti isiyobadilika ndiyo inayonichekesha, kisha inanitia hofu. Tunamcheka mgombea, na kumbe tunajicheka wenyewe tulioitikia. Mwaka 2015 Profesa Jay mwenyewe alichaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi, hivyo leo wimbo una tabaka la maana ambalo mwaka 2001 halikuwepo. Upande wa Temeke, Juma Nature na wenzake wa TMK Wanaume, pamoja na Gangwe Mobb, walifanya jingine: matamshi yao yenyewe yalikuwa anwani. Husubiri wakutajie mtaa. Unausikia katika jinsi wanavyovuta irabu.

Singeli ndiyo mtihani wetu wa sasa. Albamu ya mseto Sounds of Sisso, iliyokusanya kazi za studio ya Sisso ya Mburahati, ilitolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Mwendo wake hupita mapigo 200 kwa dakika. Mara ya kwanza nilihisi kifua kimebanwa, nikatafuta mahali pa kupumzikia nisipate. Baadaye nikatambua kwamba ndani ya ile kasi kuna vipande vya vinanda vya taarab na mchiriku, vimekatwa na kuharakishwa. Wanaosema vijana hawa hawana mizizi hawajasikiliza mpaka mwisho. Mizizi ipo, ila inakimbia.

Hitimisho

Katika miaka ya 1970, baada ya Kezilahabi kutoa Kichomi mwaka 1974, wataalamu wetu walibishana sana kama shairi lisilofuata vina na mizani ni shairi, na kama ni lazima liimbike. Ubishi huo ulikuwa na faida yake. Lakini inashangaza kwamba tulipokuwa tukigombania mashairi kuimbika, mashairi yaliyokuwa yakiimbwa kweli kila Jumamosi Kinondoni na Kariakoo hayakupata wahakiki wa kutosha.

Nawashauri wanafunzi wenzangu mambo matatu ambayo hayahitaji fedha. Sikiliza kazi nzima mara tatu kabla ya kuandika neno lolote. Unapoandika, weka dakika na sekunde pembeni ya kila dai, ili msomaji naye aende akasikie na akikupinga akupinge kwa haki. Kisha mtafute mtu aliyeucheza wimbo huo ulipokuwa mpya, umuulize aliinuka wapi. Wazee waliocheza Sikinde ya kwanza wanapungua kila mwaka, na jibu la swali hilo halimo katika kanda yoyote.