Kwa nini mwanamuziki ahojiwe hadharani angali hai

ATHI River, mji ulioko katika Kaunti ya Machakos, hujulikana kwa saruji, nyama ya KMC na nguo zinazoshonwa katika eneo la EPZ. Ni wachache wanaoutaja mji huo pamoja na muziki, ilhali Machakos ni mojawapo ya maskani makuu ya gitaa la Kikamba. Huko ndiko alikotoka Kakai Kilonzo, kiongozi wa Kilimambogo Brothers, ambaye nyimbo zake za Kikamba na za Kiswahili zilipendwa hata na watu wasiojua Ukambani uko upande gani.

Kakai alifariki mwaka wa 1987, akiwa na umri mdogo. Sauti yake ingalipo katika santuri. Lakini namna alivyojifunza gitaa, mapatano yake na waliomrekodi, na sababu ya kuchagua kuimba kwa Kiswahili, hayo hakuyaandika katika tawasifu. Anayetaka kuyajua leo hana budi kuwategemea watu wengine.

Pengo la aina hii ndilo linaloonyesha thamani ya desturi iliyoshika mizizi katika nchi nyingine: jioni ya mahojiano, ambapo mwanamuziki aliyeandika kitabu cha maisha yake huketi jukwaani na kuulizwa maswali mbele ya umma. Mnamo Oktoba 29, 2010, Keith Richards, mpiga gitaa wa kundi la roki la Rolling Stones, alifanya hivyo katika Maktaba ya Umma ya New York. Aliyemhoji ni mwandishi wa masuala ya muziki, Anthony DeCurtis. Kitabu kilichozungumziwa, Life, Richards alikiandika kwa kusaidiwa na mwanahabari James Fox.

Jioni kama hiyo hutegemea pande tatu. Wa kwanza ni mwanamuziki mwenyewe. Wa pili ni mhoji, ambaye sharti awe amekisoma kitabu chote na kuzisikiliza nyimbo, ili aulize juu ya kilichoandikwa na pia juu ya kilichorukwa. Wa tatu ni hadhira, na huyu mara nyingi husahaulika. Ukumbini huenda wakawamo waliopiga ngoma katika bendi ile ile, waliouza santuri au waliolipa kiingilio miaka hiyo. Mwandishi akiwa peke yake na kalamu yake hakuna wa kumkatiza. Mbele ya mashahidi, anayekosea tarehe au kujitwalia sifa ya mwenzake huweza kusahihishwa papo hapo.

Hili si jambo la kupitisha wakati tu, kama inavyodhihirishwa na kisa cha wimbo Malaika. Kwa wengi, wimbo huo ni wa Fadhili William, Mkenya aliyeurekodi na kuupatia umaarufu. Hata hivyo, wametajwa pia Adam Salim, Grant Charo na Lucas Tututu kuwa ndio waliohusika na utunzi wake. Wakati mabishano yakiendelea, wimbo ulizunguka dunia. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuweka katika albamu yao ya mwaka 1965, iliyotuzwa Grammy mwaka uliofuata, na Boney M. wakauimba baadaye. Fadhili alifariki mwaka wa 2001, na ubishi haukuzikwa pamoja naye.

Nyuma ya ubishi huo kuna fedha. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hulinda utunzi kwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtunzi. Kwa hesabu hiyo, nyimbo alizotunga Kakai Kilonzo zinalindwa hadi mwisho wa 2037, na zile za Fadhili hadi mwisho wa 2051. Rekodi yenyewe huhesabiwa kivyake, miaka 50 tangu ilipotengenezwa. Kwa hivyo, swali la nani alitunga ndilo linaloamua ni familia gani italipwa na kwa muda gani. Maelezo yaliyotolewa hadharani na kurekodiwa hayawezi kuchukua nafasi ya mkataba, lakini yana uzito kuliko uvumi.

Aidha, jambo lisiloulizwa hupotea. Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la roki la Queen, alizaliwa Unguja mwaka wa 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Familia yake ilihamia Uingereza kufuatia Mapinduzi ya 1964. Alifariki mwaka wa 1991 bila kuandika tawasifu. Kitabu kilichotolewa 2006 kikiwa na maneno yake mwenyewe kilikusanywa kutoka kwa mahojiano ya zamani. Mercury alikuwa mchache wa maneno kuhusu utoto wake Zanzibar. Hakuna mhariri awezaye kukusanya majibu ambayo hayakutolewa.

Ikumbukwe kwamba Afrika Mashariki haihitaji kuiga desturi hii kutoka ng'ambo. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyezaliwa Fumba na kwenda kurekodi Bombay mwaka wa 1928, alihojiwa na Shaaban Robert muda si mrefu kabla ya kufariki kwake mwaka wa 1950. Mazungumzo hayo ndiyo yaliyozaa Wasifu wa Siti binti Saad. Mwandishi angalichelewa kidogo tu, Waswahili wangalibaki na santuri pasipo maelezo ya aliyeziimba.

Athi River ina kila kinachohitajika kwa jioni kama hiyo. Mji huo umejaa wafanyakazi kutoka pembe zote za nchi, na Chuo Kikuu cha Daystar, kinachofunza mawasiliano, kina bewa lake huko. Inatosha kuwa na ukumbi, vipaza sauti na mhoji aliyejiandaa. Mwanamuziki aachwe azungumze lugha anayoimudu, iwe Kikamba au Kiswahili. Mazungumzo yarekodiwe, na kabla ya kuanza, kuwe na maandishi yanayoeleza nani atamiliki rekodi hiyo. Itakuwa fedheha kumwita mzee aeleze alivyodhulumiwa santuri zake, kisha sauti yake iuzwe bila idhini.

Na ikiwa mwanamuziki hajaandika kitabu, hilo lisiwe kizuizi. Kwa Siti, mazungumzo yalitangulia na kitabu kikafuata. Wapiga gitaa waliovuma Ukambani miaka ya sabini na themanini sasa ni wazee, na kila mwaka idadi yao hupungua. Maswali ya kuwauliza yapo tayari. Muda wa kuyajibu ndio usiongoja.